Mvua Kwenye Bwawa la Chumvi

Kazini walimwita Mama Wadudu, na jina hilo hakulichukia. Wapo waliopewa majina mabaya zaidi. Mzee wa pampu, mwenye vidole vinene kama viungo vya bomba, aliitwa Fundi Kutu na alikuwa akiitika bila kinyongo. Kila asubuhi mzee huyo akipita mlangoni mwa maabara aliuliza swali lile lile.

"Mama Wadudu, watoto wameamkaje?"

"Wameamka na njaa, mzee wangu. Lete chakula."

Chakula chenyewe kilikuwa uchafu. Huko baharini, mbali kiasi kwamba ukisimama ufukweni huoni kitu, kulikuwa na jukwaa la chuma la kuchimba mafuta. Mafuta hayapandi peke yake. Hupanda na maji yaliyolala chini ya miamba tangu enzi na enzi, maji machungu yenye chumvi kuishinda bahari mara tatu, yenye masalia ya mafuta na harufu ya kuwasha pua. Bomba liliyaleta maji hayo nchi kavu, kiwandani. Mitambo ya kwanza iliengua mafuta yaliyoelea. Lakini yale yaliyoyeyuka ndani kwa ndani, ambayo jicho haliyaoni, hayakuwa na wa kuyatoa isipokuwa wadudu wa Mama Wadudu: bakteria waliojaa kwenye bwawa la zege pana kama uwanja wa mpira, wakipuliziwa hewa mchana na usiku, wakila uchafu ule mpaka maji yafae kurudishwa baharini.

Bakteria wa kawaida hawaiwezi chumvi ya namna hiyo. Ukiwatia humo leo, kesho ni maiti. Mama Wadudu alianza na tope jeusi la ufukweni kwenye pipa, akaliongezea chumvi kidogo kidogo, kama mama anayemwachisha mtoto ziwa. Walikufa, akaanza upya. Wakafa tena, akaanza tena. Sehemu kubwa ya mwaka ilimwishia hapo, mpaka siku moja alipoyatazama maji yatokayo mwisho wa bwawa akayaona yametulia, meupe, hayanuki. Alikaa chini kwenye ngazi ya chuma akacheka peke yake. Meneja alimpigia makofi. Fundi Kutu alisema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea," na siku hiyo ndipo jina lilipomkaa.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, dada wa baba yao, aliyemlea yeye na kaka yake tangu wakiwa wadogo wasiojua kufunga vifungo. Kaka naye alikuwa mtu wa mafuta. Alifanya kazi kule jukwaani, kwenye chumba cha mitambo, wiki kadhaa baharini na wiki kadhaa nyumbani. Yeye ndiye aliyefungua na kufunga visima alipoambiwa. Kwa hiyo maji aliyoyatoa kaka chini ya bahari ndiyo aliyoyasafisha dada nchi kavu, na Shangazi alipenda kuwatania kwamba amezaa kiwanda kizima bila kwenda hospitali.

Shangazi mwenyewe alikuwa mwokota chaza. Maji ya bahari yakitoka alishuka na wanawake wenzake kwenye miamba ya mkondo, si mbali na pale mfereji wa kiwanda unapoingia baharini, wakibandua chaza kwa visu vifupi. Kabla ya bwawa kuanza kufanya kazi, chaza wale walikuwa wananuka taa ya mafuta, na wanunuzi waliwapita kama hawawaoni. Sasa walikuwa wamerudi, wanene, watamu. Shangazi hakuwahi kuelewa sawasawa hao wadudu ni kitu gani, lakini alimwambia mpwa wake kila anapotoka, "Wasalimie wajukuu zangu."

Halafu ikaja dhoruba.

Kaka alipiga simu mchana, sauti yake ikikatika kwa upepo. "Mdogo wangu, tunafunga visima. Helikopta inachukua watu. Sisi wachache tunabaki kulinda mitambo."

"Kwa nini ubaki wewe?"

"Sasa abaki nani? Mwambie Shangazi niko salama. Usimwambie mengine."

"Kaka, mkifunga visima, maji hayaji huku."

Alilisema hilo kabla hajajizuia. Kaka akacheka. "Mimi naingia kwenye dhoruba, wewe unawaza wadudu wako watakula nini."

Alimwomba radhi, lakini simu ilikuwa imeshakatika, na hakujua kama amesikia.

Mvua ilianza jioni ile na haikujua kuacha. Haikuwa mvua ya matone. Ilikuwa maji yaliyomwagwa kutoka juu kana kwamba mtu kapindua pipa. Asubuhi Mama Wadudu alipofika kazini, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, alikwenda moja kwa moja bwawani kabla hata ya kuvua koti. Kipimo cha chumvi kilikuwa kimeanza kushuka. Si sana. Lakini kilishuka huku anakitazama.

Watu wa ofisini hawakuielewa hofu yake mwanzoni. Meneja, mtu mpole aliyependa kuzungumza huku amekunja mikono nyuma, aliuliza, "Si maji masafi hayo? Maji ya mvua yana ubaya gani?"

"Ndiyo ubaya wenyewe, bosi. Wale wamezoea chumvi. Miili yao imejikaza kwa ajili ya chumvi. Chumvi ikiondoka ghafla, maji yanawaingia, wanavimba, wanapasuka."

"Wanapasuka kabisa?"

"Kama puto."

Meneja aliutazama uwanja ule wa maji ukipigwa na mvua. Paa halikuwepo. Lilikuwa limechorwa kwenye michoro ya kwanza, likaondolewa na watu ambao hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amesimama pale. "Tufanyeje?" aliuliza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Walianza na maturubai. Fundi Kutu na vijana wa karakana waliyafunga kwa kamba kona moja ya bwawa, upepo ukayanyanyua yakaruka juu ya ua wa kiwanda kama ndege waliotishwa. Wakaenda stoo wakatoa magunia yote ya chumvi yaliyokuwepo, wakayapasua na kuyamwaga ukingoni, mikono ikiwachoma penye michubuko. Mama Wadudu alikimbilia kwenye kipimo. Mshale ulipanda unywele mmoja, ukasita, ukaendelea kushuka.

"Imekunywa yote," alisema Fundi Kutu, akitazama magunia matupu. "Kama hatujaweka kitu."

"Bahari," alisema Mama Wadudu. "Tuvute maji ya bahari. Hayana chumvi ya kutosha, lakini ni bora kuliko ya mvua."

Lilikuwa wazo zuri. Kila mtu alichangamka. Walivuta pampu ya zimamoto mpaka ukingo wa maji, wakaunga mipira, wakawasha. Mashine ilinguruma, mipira ikavimba, maji yakaja. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mama Wadudu aliyakinga kwa kiganja akayaonja, akayatema, akayaonja tena asiamini. Mto unaoingia baharini jirani na kiwanda ulikuwa umefurika, umeisukuma bahari mbali na ufuko. Pale walipotega pampu palikuwa na matope na maji ya mto. Hata bahari ilikuwa imepungukiwa chumvi.

"Zima," alisema.

"Bado tuna—"

"Zima, mzee. Tunawaongezea sumu."

Likabaki jambo moja alilolijua. Alisimamisha mashine za hewa ili tope lenye wadudu lizame chini, halafu wayatoe maji ya juu, yale ya mvua, kama mtu anavyochota mafuta juu ya mchuzi. Kiwanda kilipotulia, wote walisikia mvua peke yake, na ukimya ule ukawatia watu huzuni wasiyoielewa. Walingoja. Tope liliposhuka nusu likakwama. Halikuwa tena tope zito, lililoshikana. Lilikuwa limelegea, limeachana vipande vipande, likielea katikati bila kupanda wala kushuka. Wakitoa maji, wadudu wangetoka nayo. Wakiendelea kungoja, wangekosa hewa. Alirudisha hewa.

Alikwenda maabara, akaweka tone kwenye kioo, akainamia hadubini. Siku zote alipokuwa akitazama humo aliona mji: makundi yaliyoshikana, mengine yakikua, mengine yakizunguka polepole. Sasa aliona mmoja akivimba, akiwa mviringo, mng'avu, halafu hayupo. Pembeni yake mwingine. Halafu mwingine. Hakukuwa na sauti wala purukushani. Alikuwa na dawa ya kila kitu kwenye kabati lile nyuma yake, ya kupima, ya kupaka rangi, ya kusafisha vioo, na hakuna hata moja ya kuwashika wale wadogo wasipasuke. Alizima taa ya hadubini akakaa, kashika tama.

Meneja alikuja akasimama mlangoni. "Nimeongea na makao makuu."

"Wamesemaje?"

"Wamesema wanatuelewa."

Walitazamana. Kisha Mama Wadudu akaanza kucheka, na Meneja naye akacheka, kicheko kisicho na raha hata kidogo, mpaka Meneja akafuta macho kwa kiganja akaondoka.

Kesho yake povu lilipanda. Wadudu waliopasuka walimwaga vyote vilivyokuwa ndani yao, na mashine za hewa zikavipiga kama sabuni. Povu la rangi ya kahawia lilijaa bwawa, likamwagika ukingoni, likatambaa kwenye njia za wafanyakazi, likinuka mayai yaliyooza. Watu walipita wakiinua suruali. Asubuhi ile Fundi Kutu alipita mlangoni mwa maabara asiulize kitu.

Nyumbani hali haikuwa bora. Simu ya jukwaani haikupatikana. Shangazi aliketi karibu na dirisha, shali mabegani, akisikiliza redio iliyokuwa ikirudia habari ile ile ya mawimbi na upepo. Hakulia. Alikunja na kukunjua pindo la shali.

"Kaka yako kapiga?"

"Bado, Shangazi. Mtandao umekatika."

"Mtandao," alisema Shangazi, kama mtu anayetaja jina la mgeni asiyemwamini. Baada ya kitambo akauliza, "Na wajukuu?"

"Wanakufa, Shangazi."

"Wote?"

"Karibu wote."

Shangazi alimtazama kwa muda. Alinyanyuka akamletea kikombe cha chai, akakaa naye bega kwa bega, na wote wawili wakaisikiliza mvua. Mama Wadudu aliona aibu kwamba alikuwa na machozi, na hakujua ni ya nani, ya kaka au ya wale wengine. Alichokijua ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kumfikia. Kaka alikuwa mbali mno, na wadudu walikuwa wadogo mno.

Dhoruba ilipita kama zinavyopita zote. Jua lilitoka, watu wakaanika magodoro, na mchana wa siku hiyo simu ikalia kazini.

"Mdogo wangu!"

Alishika ukingo wa meza. "Uko hai wewe?"

"Hai, mzima, nina njaa tu. Tumetikiswa kama maharage kwenye chupa, lakini chuma kimesimama. Shangazi yuko hapo?"

"Yuko nyumbani. Mpigie sasa hivi. Kaka, mpigie kwanza yeye, halafu—"

"Subiri, nikupe habari njema. Tumeanza tena. Nimefungua visima mwenyewe asubuhi hii. Maji yako njiani, wape watoto wako chakula washibe!"

Alisikia vicheko vya wenzake kaka nyuma yake, watu waliotoka kwenye kifo wakiwa wepesi wa kucheka. Alitazama nje kupitia dirisha la maabara. Bwawa lilikuwa limelala chini ya jua, povu limekauka kuwa ganda.

"Hamuwezi kungoja kidogo?" aliuliza taratibu.

"Kungoja nini?"

"Wadudu wamekufa, kaka. Hakuna wa kuyapokea hayo maji."

Vicheko kule viliendelea, lakini kaka hakuwa tena miongoni mwao. "Hamna mahali pa kuyaweka?"

"Mabwawa ya akiba yamejaa mvua mpaka juu."

"Mdogo wangu." Sauti yake ilishuka. "Mimi ni mtu wa kufungua nikiambiwa fungua, na kufunga nikiambiwa funga. Nitawaeleza. Nitawaeleza wakubwa, naapa. Lakini unajua watakachosema."

"Najua."

"Unanilaumu?"

"Hapana. Mpigie Shangazi."

Maji yalifika kabla jua halijatua. Mitambo ya kwanza iliengua mafuta yaliyoelea kama kawaida yake. Baada ya hapo palikuwa na bwawa lililokufa, na baada ya bwawa palikuwa na lango la chuma la kwenda kwenye mfereji. Meneja aliwaita Mama Wadudu na Fundi Kutu wakasimama pale juu, kwenye daraja dogo. Maji yalikuwa yanapanda ukutani. Yakimwagika, yangeingia kwenye vyumba vya umeme na makazi ya watu nyuma ya kiwanda.

"Nimepiga simu kila nilipoweza kupiga," alisema Meneja. "Hawafungi visima. Wameshapoteza siku nyingi, ndivyo walivyosema." Akamgeukia Mama Wadudu. "Wewe ndiye unayeyajua haya. Kama ipo njia nyingine, hata ndogo, niambie nishike hiyo. Ipo?"

Alitafuta. Alitafuta kwa moyo wote, akipita kichwani kila pipa, kila pampu, kila shimo la kiwanda kile alichokijua kama vyumba vya nyumba yake. Alifikiria kudanganya, kusema ipo, ili apate saa moja tu. Fundi Kutu alikuwa anamtazama kama mtoto anavyomtazama mama yake sokoni.

"Hakuna," alisema.

Neno lile dogo lilimtoka lenyewe, na akajua kwamba yeye ndiye aliyelitoa. Meneja aliinamisha kichwa. Hakumwambia mtu afungue. Alishika gurudumu la lango kwa mikono yake miwili ya ofisini akaanza kulizungusha, likamshinda, na Fundi Kutu akaenda kumsaidia. Maji yaliingia mferejini yakiwa na mng'aro wa rangi rangi juu yake, mzuri wa kutazama.

Mama Wadudu hakungoja kuona. Aliteremka kwa njia ya miguu mpaka kwenye miamba, ambako Shangazi na wenzake walikuwa wamekusanyika kukagua dhoruba imewaachia nini. Walikuwa na furaha. Shangazi alikuwa ameshazungumza na mwanawe wa kulea, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa maisha.

"Njoo uone! Chaza hawakung'oka! Upepo wote ule, wameng'ang'ania mwamba kama wadai haki."

"Shangazi, msichukue."

"Tusichukue nini?"

"Chaza. Wote mliopo hapa, msichukue. Maji yanashuka sasa hivi kutoka kiwandani, hayajasafishwa."

Mwanamke mmoja alitazama ndoo yake iliyofika nusu, akaifunika kwa kanga kana kwamba ingesaidia.

"Mpaka lini?" aliuliza Shangazi.

Mama Wadudu alikuwa na majibu ya kitaalamu: kwamba inategemea tope jipya, na joto, na chumvi, na kama visima vitapunguzwa kasi. Kwamba akianza kesho na kila kitu kiende vizuri, na mambo hayaendi vizuri, huenda mwaka ujao.

"Sijui, Shangazi."

"Wewe ndiye mwenye kazi hiyo, na hujui?"

"Sijui."

Shangazi alikaa juu ya jiwe. Alimtazama mpwa wake, kisha akatazama baharini, upande liliko jukwaa lisiloonekana. "Nyinyi wawili nimewalea mimi," alisema, si kwa hasira. "Mmoja anayatoa, mwingine anayapitisha. Sasa nimgombeze nani? Niambie, mwanangu, maana nataka kugombeza mtu na sioni wa kumgombeza."

La kuvunda halina ubani. Alivua viatu akaketi chini ya miguu ya Shangazi kwenye mwamba wenye unyevu, na wale wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja na ndoo zao.

Kaka alirudi nyumbani wiki zilizofuata, amekonda, akilala mchana kutwa. Walikula pamoja watatu kama zamani na walizungumza juu ya mengi: paa la jirani lililoruka, bei za mabati, mguu wa Shangazi uliokuwa unauma. Mfereji hawakuutaja. Siku moja tu kaka alisema, akiwa amekitazama kikombe, "Niliwaeleza. Waliandika," na dada yake akamwambia, "Najua," na Shangazi akainuka kwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kazini waliondoa tope lililokufa kwa majembe. Mama Wadudu alichota tope jipya ufukweni, akalitia kwenye pipa, akaweka chumvi ya ncha ya kijiko. Halikuwa tope lile la mwanzo. Mafuriko yalikuwa yameosha ufuko wote. Lilichelewa kuamka. Kila asubuhi alilitazama kwenye hadubini, na kila asubuhi hakuona mji, aliona vichaka viwili vitatu vilivyotawanyika, visivyojua kama vitabaki.

Nje, maji ya kisimani yaliendelea kupita. Meneja aliagiza mashine za hewa ziwashwe bwawani hata hivyo, kwa sababu wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kukagua, na bwawa lililolala halipendezi. Fundi Kutu alibonyeza kitufe. Mashine zilinguruma kama zilivyonguruma siku zote, maji yakachemka meupe kutoka ukuta hadi ukuta. Wageni walisimama ukingoni wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja wao akamuuliza Mama Wadudu, kwa adabu sana, wadudu wanaendeleaje.